Majivu Kwenye Meko ya Mfalme

Watu wengine huijua dunia kwa macho, wengine kwa masikio. Tegwen Bebb aliijua kwa pua. Ukiingia jikoni kwake hakuangalii usoni kwanza. Anainua pua kidogo, anakunusa, ndipo anakukaribisha, na wapo ambao hakuwakaribisha kabisa. Kikombe ulichonywea alikiosha mara mbili, ya pili kwa maji yanayochemka, na wewe ungali umekaa pale pale unamwona. Sisi wa bonde la Brynhafod tulishamzoea. Ukitaka kumtembelea Tegwen unaoga kwanza, halafu unaomba Mungu kiatu chako kisiwe kimekanyaga mavi ya kondoo, na huku kwetu Wales kondoo ni wengi kuliko watu.

Sasa, mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa ngome.

Ngome iko kilimani nyuma ya shamba lake. Ni kuta na minara iliyovunjika, paa lilishaanguka zamani za mababu wa mababu. Wakubwa wa mambo ya kale hawakuweka mlinzi. Waliweka geti la chuma, kufuli, na kibao kinachosema ufunguo uombwe nyumba ya shambani. Tegwen alipoolewa na Ifor Bebb alimkuta mama mkwe anautunza. Mama mkwe akafa, Ifor naye akafa, ufunguo ukabaki na Tegwen, umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Wageni wanabisha hodi, anawapa, anawaambia neno lile lile kila siku: "Msiniachie uchafu."

Wanamwachia. Walimwachia makopo ya bia, nepi, mifupa ya kuku, kandambili ya mguu mmoja. Wengine wanakuja na yale majiko madogo ya bati ya kuchomea nyama, wanachoma soseji ndani ya ukumbi wa kifalme, kisha wanamwaga majivu na mkaa kwenye meko makubwa ya mfalme, kana kwamba mfalme yuko nyuma ya mlango anasubiri kuota moto. Kila wiki Tegwen alipanda na ufagio, ndoo na glavu zake za mpira, akafagia huku anatukana kwa sauti ya chini ya mtu wa kanisa. Na afadhali ukumbini. Mnara wa kaskazini ulikuwa na choo cha mfalme, tundu la mawe lililojengwa ukutani, linalomwagikia nje. Wageni wanakikalia, wanapigana picha, wanacheka hadi machozi. Wengine, jamani, walikitumia.

"Hefin," alimwambia jirani yake siku moja, amejishika kiunoni, uso umemkunjamana, "watu hawa wametoka mjini. Nyumbani wana vyoo juu na chini. Wamepanda gari asubuhi nzima kuja kunya kwa Mfalme Rhydderch!"

"Labda ni heshima, shemeji," alisema Hefin. Alikuwa rafiki wa marehemu Ifor tangu utotoni, na hakuna aliyethubutu kumtania Tegwen isipokuwa yeye. "Zamani walipeleka dhahabu. Sasa kila mtu anapeleka alichonacho."

"Ptu! Toka hapa."

Na huyo mfalme mwenyewe usiseme. Rhydderch alimtoboa macho mdogo wake, Meilyr, kwa sababu ya kiti cha enzi, akamfungia chini ya mnara ule ule wenye choo, na Meilyr akaozea humo. Wageni wakisoma kibao wanasema loo, historia hiyo! Wanaupiga picha ukuta. Tegwen alikuwa akitema mate. "Historia gani? Mtu kamfanyia ndugu yake unyama, nyinyi mnashangilia. Familia ya kifalme? Familia ya manyang'au." Hakuvumilia hata kulitaja jina la Meilyr akiwa anakula.

Lakini nyani haoni kundule. Tegwen naye alikuwa na mdogo wake.

Nesta alikuwa msichana wa kucheka ovyo, nywele hazishiki kitana. Wazazi walipofariki alikuja kuishi kwa dadaye pale shambani. Siku moja akashika mimba, na mhusika alikuwa mpita njia aliyekuja kutazama ngome, akaondoka zake. Kwa hiyo hata mahali palijulikana: ngomeni. Tegwen hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Alimtengea Nesta kikombe chake, sahani yake, kijiko chake, akavifunga uzi mwekundu visichanganyike na vya wenzake. Shuka za Nesta alizichemsha peke yake. Wakikaa mezani, anasogeza kiti. Binti wa watu aliishi hivyo wiki kwa wiki, tumbo linakua, mpaka asubuhi moja akabeba sanduku akaenda kituoni kupanda basi la Liverpool. Njiani akakumbuka koti, akarudi. Alimkuta dadaye amefungua madirisha yote ya kile chumba, yuko magotini na brashi na dawa ya kuulia vijidudu, anasugua sakafu. Basi lilikuwa bado halijaondoka, naye alishaanza kusugua! Nesta alichukua koti msumarini, akamtazama, akaondoka.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena Brynhafod. Miaka ikaenda, Tegwen akazeeka, mume akafa, hana mtoto, na nyumba safi kupindukia ni nyumba baridi. Majira ya baridi yaliyopita, Jumapili moja baada ya kanisa, alichukua simu, akampigia mdogo wake.

"Nesta. Njoo nyumbani."

Kule upande wa pili kulikuwa na kikohozi kirefu. "Chumba kimekauka?" Nesta akauliza.

Tegwen akaibana simu sikioni. Halafu akamsikia mdogo wake anacheka kile kicheko chake cha ovyo, cha zamani kabisa. "Haya, dada. Pasaka nitakuja."

Basi! Mwambie mtu wa miaka sabini na kitu kwamba anasamehewa, utaona anavyoruka. Tegwen alipaka chumba rangi. Alinunua shuka mpya. Alimwambia Hefin, alimwambia mchungaji, alimwambia mpaka yule daktari wa mifugo aliyekuja kutazama kondoo: Nesta anakuja Pasaka. Lilikuwa jambo moja tu alilolitaka duniani, mdogo wake aingie mlango ule, akae mezani, anywe kwenye kikombe chochote atakacho.

Jumamosi ya mkesha wa Pasaka mlango ulibishwa, mbio akafungua. Hakuwa Nesta. Alikuwa mwanamume wa makamo, mnene kidogo, mwenye kipara na mfuko wa mgongoni. Aliomba ufunguo kwa Kiingereza cha Liverpool. Tegwen alimnusa. Kwa hasira ya kukatishwa tamaa akamsukumia ufunguo kifuani.

"Usiniachie uchafu."

Yule bwana alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. "Sitaacha uchafu wowote, mama," akasema.

Msomaji, Tegwen hakujua, lakini mimi sina sababu ya kukuficha. Yule alikuwa Selwyn, mtoto wa Nesta, lile tumbo la uzi mwekundu. Na Nesta alikuwa ndani ya mfuko. Alifariki kabla ya Kwaresima, kikohozi kile kile, wakamchoma kama walivyozoea wengi huku. Alikuwa amemwagiza mwanawe: nipeleke nyumbani, niweke ngomeni, huko ndiko nilikofurahi. Usimwambie dada mpaka nikishaingia. Ukimwambia kwanza, atatafuta ufagio. Selwyn alipanda kilimani, akakuta upepo wa kupeperusha mtu mzima seuze majivu. Akatafuta mahali pa kumsitiri mama yake, akaona yale meko makubwa ya mfalme, yametulia, yana kivuli. Akapiga magoti akammimina pale taratibu. Akaurudisha ufunguo, akaondoka na machozi yake, akijiambia wiki ijayo nitapiga simu. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Mnawajua wanaume na simu za namna hiyo.

Pasaka ikapita, chumba kina maua, Nesta hakuja. Tegwen akapiga simu, haikupokelewa. Hakupiga tena. "Kumbe alitaka tu kunikomoa," alimwambia Hefin. "Haya, tumelipana." Lakini usiku alikuwa anaacha taa ya barazani inawaka, na mtu anayeacha taa hajakata tamaa.

Pasaka ilipopita akapanda ngomeni kufagia baada ya wageni wa sikukuu, moyo umemjaa nyongo. Akafika ukumbini, akaona mekoni lile rundo la kijivu, na ndani yake vipande vidogo vyeupe.

"Mungu wangu, hawa watu!" alisema. "Wamechoma kuku tena. Na mifupa wamenisagia humu humu!"

Alivaa glavu, akafunga kitambaa puani, akazoa yote kwa beleshi dogo, akasugua jiwe kwa brashi yenye maji mpaka likang'aa. Ndoo alishuka nayo ameishika mbali na mwili. Alitaka kuimwaga kwenye jalala la samadi, ila alipopita bustanini akasimama. Huku kwetu hakuna mkulima wa liki anayetupa majivu. Liki ni mboga ya heshima, jamii ya kitunguu, shina jeupe nene kama mkono wa mtu, na kila mwisho wa kiangazi yako maonyesho ambapo watu wazima hugombana kwa ajili yake. Majivu huipa shina, mifupa huipa mizizi. Tegwen alikuwa na kitalu kimoja, kidogo, chenye kingo za mbao. Akamwaga ndoo yote, akaongeza samadi ya kondoo, akageuza kwa uma wa bustani. Angalau uchafu wao utafaa kitu, alijiambia, akaenda kunawa mpaka kiwikoni.

Liki za mwaka ule, usiombe. Zilinenepa hadi watu wakasimama barabarani kuzitazama. Mwezi wa Julai alizing'oa zile ndogo zilizozidi kwenye mistari, akapika supu ya shingo ya kondoo na viazi, akamwita Hefin.

"Shemeji, hii si liki, hii ni siagi," alisema Hefin akikombeleza. "Unazipa nini?"

"Siri ya nyumba."

"Niambie mimi, nitakufa nayo."

"Majivu ya mabwege wa ngomeni na mifupa ya kuku wao. Umeridhika?"

"Waambie walete zaidi." Akasukuma bakuli lake mbele, akaongezwa. Tegwen naye alikula, akajiongeza, akafuta bakuli kwa mkate. Usilolijua ni usiku wa giza.

Simu ililia mwishoni mwa Agosti, wiki ya maonyesho. Sauti ya mwanamume, ya Liverpool.

"Mama mkubwa? Ni Selwyn. Wa Nesta."

Tegwen akakaa. Hakuna aliyewahi kumwita mama mkubwa. Selwyn alizungumza haraka haraka, kama mtoto anayekiri amevunja kitu. Mama alifariki. Samahani sikukwambia. Mama mwenyewe alisema nisikwambie. Ila usihuzunike sana, mama mkubwa, kwa sababu yuko nyumbani, Pasaka alifika kama alivyoahidi. Wewe mwenyewe ulinipa ufunguo. Nilimweka ukumbini, kwenye meko. Jumamosi nataka nije kumwona, tukamwone pamoja ukipenda.

Tegwen alishika ukingo wa meza. "Kwenye meko," alisema.

"Ndiyo. Palikuwa na upepo."

Alirudisha simu mahali pake kwa upole mkubwa. Alitoka nje, akafika kwenye mfereji wa maji machafu, akatapika. Alitapika hata pasipo kitu cha kutapika, amejishikilia ukutani. Aliona lile bakuli. Aliona mkate unavyofuta. Alikwenda akanawa mdomo kwa sabuni, sabuni ya kufulia, akasugua ulimi kwa brashi ya kucha mpaka ukatoa damu, halafu akajiona kwenye kioo cha dirisha anavyofanya, anamsugua Nesta atoke mdomoni. Akaiacha brashi ianguke. Kinyaa kilichompanda hapo hakuna sabuni ya kukitoa.

Alilia siku mbili. Hakutoka. Wageni walibisha wakachoka wakaondoka.

Ijumaa jioni shetani alimjia na ushauri mzuri sana. Jiko la nyumbani lilikuwa limejaa majivu ya kuni, meupe, laini. Nani atajua? Selwyn ataona rundo mekoni, atasema sala yake, atalia, atakunywa chai, atakuja tena mwaka ujao na mwaka wa tatu. Naye Tegwen atakuwa na mpwa. Liki atazing'oa azifukie kimya kimya. Aibu yote itaishia kaburini kwake. Alijaza ndoo, akapanda kilima, akapiga magoti mbele ya meko ya Mfalme Rhydderch, akainamisha ndoo. Majivu yalianza kumwagika, kidogo tu, kiasi cha kiganja.

Aliyatazama. Akamwona Selwyn amepiga magoti hapo kesho yake, anazungumza na takataka za jikoni akidhani ni mama yake. Tegwen aliyeshinda maisha yake akiwatukana watu kwa kuacha mkaa mahali hapa! Alisikia kichefuchefu tena, safari hii si cha liki.

"Mjinga wewe," alijiambia kwa sauti, ikarudi ukutani. Akayazoa kwa mikono, akashuka nayo.

Selwyn alifika Jumamosi asubuhi na maua ya njano. Alisimama mlangoni akasugua viatu kwenye mkeka, akavisugua tena, maana alishasimuliwa. Alikuwa na mdomo wa Nesta. Tegwen aliuona akashindwa hata kumnusa.

"Ngomeni baadaye," alisema. "Kwanza njoo huku bustanini, mwanangu."

Alimsimamisha mbele ya kitalu. Liki zilisimama wima, nene, zimefungwa kamba vizuri, za kwenda kushindana mchana ule. Selwyn alitabasamu kwa adabu, akidhani anaonyeshwa mboga.

"Nilidhani ni majivu ya wachoma nyama," Tegwen alisema. "Nilifagia. Niliyaleta hapa."

Aliliona tabasamu linakaa pale pale usoni kwa muda, halina habari. Kisha lilikwenda.

"Hapa?"

"Hapa."

"Na hizi..." Alitazama liki, akatazama nyumba, akatazama bomba la moshi la jikoni. "Mmezila?"

Angeweza kusema hapana. "Mwezi wa saba," alisema Tegwen. "Mimi nimekula."

Selwyn alirudi nyuma hatua. Ule uso! Pua ilipanda, mdomo ukajikunja, kichwa kikavutwa nyuma kama mtu aliyefunua sufuria ya chakula kilichooza. Tegwen aliufahamu uso ule, alikuwa ameuvaa yeye miaka yote, lakini hakuwahi kusimama upande huu wa kutazamwa. Yule bwana alikwenda kwenye ua, akainama, mikono magotini, akahema.

"Sikujua ni yeye," Tegwen alisema. "Naapa mbele ya Mungu, Selwyn, sikujua ni yeye."

Selwyn hakugeuka. "Na ile mara ya kwanza?" aliuliza. "Alivyorudi kuchukua koti. Ulijua ni yeye?"

Kondoo walikuwa wanalia kule juu. Tegwen alimtazama mgongoni.

"Nilijua," alisema.

Kisha geti likalia, na Hefin akaingia kwa shangwe na masanduku mawili ya kubebea liki, koti la Jumapili, tai imemkaba. "Haya, malkia wa liki! Gari liko tayari, majaji wanat..." Akaziona zile nyuso. "Nani kafa?"

"Nesta," alisema Tegwen. Akamweleza. Alimweleza yote, majivu, samadi, supu, bila kumsitiri mtu, na kwanza yeye mwenyewe.

Hefin alitua masanduku chini. "Ngoja, shemeji. Unataka kuniambia nimemla Nesta?"

"Ndiyo."

"Bakuli mbili?"

"Mbili."

Hefin alivua kofia. Rangi ilimtoka, akazunguka nyuma ya banda la kondoo, wakamsikia huko anatapika na tai yake. Na hapo Selwyn akatoa sauti. Walidhani analia. Alikuwa analia kweli, ila kilichotoka kilikuwa kicheko, kicheko cha ovyo kisichojua mahali pake, mabega yanatikisika, mkono umefunika macho. "Mama alikuwa anachukia liki," alisema. "Maisha yake yote. Hata harufu yake alikuwa hataki." Akacheka tena, mpaka kicheko kikamwishia. Tegwen hakucheka. Hakujiona ana ruhusa.

Selwyn alijipangusa uso kwa shati. Alipozungumza sauti ilikuwa kavu. "Namtaka mama yangu. Nilimweka pale, namtaka pale."

"Sijui yupi ni yeye na yupi ni samadi."

"Basi tutabeba wote."

Waling'oa liki zote. Hakuna iliyokwenda kwenye maonyesho. Waliondoa zile mbao za kingo, wakachimba kitalu kizima mpaka kwenye mfinyanzi. Selwyn alikuwa na beleshi. Tegwen alianza na glavu, akaona udongo unabaki kwenye ule mpira, umenasa kwenye kila kidole, na kila akizikung'uta anaona anamkung'uta mtu. Akazivua. Akaingiza mikono mitupu kwenye udongo mweusi wenye mavi ya kondoo na minyoo, akauzoa, akautia kwenye toroli. Mikono ilimkataa kwanza, vinyweleo vikamsimama hadi shingoni. Mtu hazaliwi upya kwa asubuhi moja, na mimi sitakudanganya kwamba alipenda. Alikuwa anaona kinyaa, anazoa. Hefin alirudi, mdomo umepauka, na toroli lake mwenyewe kutoka kwake, akavua koti la Jumapili akalitundika kwenye ua, akaanza kupakia.

Kilima kile ni kikali. Walipanda, wakashuka, wakapanda tena. Ukumbini walimimina udongo kwenye meko ya mfalme, ukajaa, ukamwagikia sakafuni, rundo jeusi, linanuka zizi. Mabua ya liki nayo waliyaweka juu yake, kwa sababu Selwyn alisema yamo humo humo. Yale maua ya njano aliyachomeka juu kabisa. Tegwen alipiga magoti akawa anaushindilia udongo kwa viganja, pembeni, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka, matope yamempanda hadi kwenye viwiko, na usoni pia, maana alikuwa amejifuta machozi.

Geti walikuwa wameliacha wazi. Wageni wawili wakaingia, mume na mke, watu nadhifu, kamera shingoni, mama amevaa viatu vyeupe. Walikuwa wanasoma kibao cha Mfalme Rhydderch kwa sauti. Wakafika ukumbini, wakasimama. Yule mama aliinua pua. Akatoa kitambaa, akaziba nacho mdomo, akamshika mumewe mkono asisogee.

"Loo, harufu gani hii! Hivi nani ameleta uchafu huu humu ndani? Kwenye meko ya mfalme! Hakuna mtu anayetunza mahali hapa?"

Hefin akafungua mdomo kumjibu, Selwyn akamzuia kwa kiwiko. Alikuwa anamtazama mama yake mkubwa, uso mgumu, anasubiri asikie atakachosema.

Tegwen hakuinuka. Viganja vyake viwili vilibaki juu ya rundo.

"Mimi ndiye ninayetunza," alisema. "Na huyu si uchafu. Huyu ni mdogo wangu, Nesta."